Maswali ya Wasomaji: Kuboresha Mlio wa Amplifaya Ndogo ya Valvu

SWALI: Ndugu Fundi, nina amplifaya ndogo ya gitaa ya wati 5 ambayo ina valvu mbili tu, 12AX7 moja ya kukuza mawimbi ya gitaa na EL84 moja ya nguvu inayoendesha spika, spika ya inchi 8 na kitufe kimoja cha kuongezea sauti. Nikipiga taratibu, mlio wake ni mtamu lakini umebanwa, kana kwamba unatoka ndani ya sanduku lililofungwa. Nikiongeza sauti kupita nusu, nyuzi nyembamba zinanguruma vizuri, ila zile nene zinageuka tope na sisikii tena noti moja ikiachana na nyingine. Wenzangu wamenishauri nibadilishe kapasita zote, wengine transfoma, wengine valvu. Ninajua kulehemu na ninayo mita ya kupimia umeme. Je, nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza unachokisikia badala ya kuorodhesha vipuri unavyotaka kununua, kwa sababu maelezo yako yenyewe yamebeba zaidi ya nusu ya jibu. Umetaja kasoro mbili, na hazina chanzo kimoja. Mlio kubanwa unapopiga taratibu ni jambo la spika na kabati lake. Nyuzi nene kugeuka tope unapoongeza sauti ni jambo la besi nyingi mno inayopelekwa kwenye valvu ya nguvu, ambayo haina uwezo wa kuibeba. Ukizitibu kasoro hizi kwa pamoja, yaani kwa kung'oa kila kitu na kuweka kipya, huenda ukapata nafuu, lakini hutajua imetoka wapi, na siku mlio ukikukera tena hutakuwa na pa kushika. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha vipuri vitano katika usiku mmoja, na ilinibidi nivirudishe kimoja kimoja ili nigundue kwamba viwili tu ndivyo vilivyofanya kazi na kimoja kilikuwa kimeuharibu mlio.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, nakuomba usome aya hii mara mbili. Ndani ya amplifaya hiyo kuna umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 250 hadi 350, na kapasita za kuchuja umeme, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji, huendelea kuushika hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Umeme huo unaweza kuua. Chomoa plagi, kisha unganisha rezista (kipuri kinachopunguza mkondo) ya kiloomu 10 yenye uwezo wa wati 5 kati ya ncha chanya ya kapasita ya kwanza na fremu ya chuma, ukitumia waya zenye klipu zilizofunikwa plastiki, uiache kwa nusu dakika, halafu upime kwa mita na usiguse kitu mpaka usomaji ushuke chini ya volti 10. Usitumie bisibisi kupitisha umeme huo kwa mkupuo, kwani cheche yake huharibu kapasita na inaweza kukujeruhi. Ukishapata nafasi, lehemu rezista ya kiloomu 220 ya wati 2 sambamba na kapasita hiyo ya kwanza na uiache hapo daima. Kila utakapozima, itamaliza umeme uliobaki kwa muda wa dakika moja hivi. Hata hivyo, usiache kupima. Waya wa ardhi unaotoka kwenye plagi hadi kwenye fremu usiukate kwa sababu yoyote ile, hata kama mtu atakwambia kwamba utaondoa mvumo.

Sasa tuje kwenye spika. Watu wengi huiacha mwisho kwa sababu haionekani kuwa ya kiufundi, lakini kwa maoni yangu hakuna badiliko lingine katika amplifaya ya wati 5 linaloikaribia kwa uzito. Spika hupimwa kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, inazotoa ikipewa wati moja na kusikilizwa umbali wa mita moja. Ukitoka kwenye spika ndogo yenye desibeli 90 ukaenda kwenye ya inchi 10 au 12 yenye desibeli 98, umepata desibeli 8, na desibeli 8 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya zaidi ya mara sita bila kugusa waya wowote ndani yake. Isitoshe, kabati dogo la spika ya inchi 8 huzuia sauti za chini na kuzisukuma zile za katikati mbele, na huko ndiko kunakotoka huo mlio wa sandukuni unaoulalamikia. Kwa hiyo jaribio lako la kwanza halihitaji kulehemu. Zima amplifaya, ondoa waya za spika yake, na uiunganishe na kabati la nje la spika ya inchi 12 lenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilezile zilizoandikwa kwenye tundu la kutolea sauti, halafu uwashe usikilize. Kama mlio umefunguka, umekwisha kujua fedha zako ziende wapi. Usichomoe spika amplifaya ikiwa imewashwa, na sababu yake nitaieleza katika barua ya mwisho.

Tope la nyuzi nene sasa, na hapa naomba subira yako, kwa kuwa ndiko kwenye utamu wa kazi hii. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa, ukiwa umetuniwa kawaida, hutikisika mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Chochote kilicho chini ya hapo si muziki wa gitaa. Ni vishindo vya mkono na mitikisiko ambayo valvu ya nguvu italazimika kuibeba bure. Amplifaya nyingi ndogo hupitisha vyote hivyo kwa sababu vipuri vyake vimechaguliwa bila kujali chombo kitakachopigwa.

12AX7 ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja. Tazama kathodi ya nusu yake ya kwanza, yaani sehemu mkondo unapoanzia ndani ya valvu. Kwa kawaida utakuta rezista ya kiloomu 1.5, na sambamba nayo huenda pana kapasita ya maikrofaradi 22 au 25. Bila kapasita hiyo, hatua hii hukuza mawimbi kama mara 32, na kwa kuwapo kwake hukuza kama mara 61, karibu maradufu. Ukubwa wa kapasita ndio unaoamua ni sauti zipi zipate nyongeza hiyo. Ile ya maikrofaradi 25 huzipa zote, kuanzia besi ya chini kabisa. Ya maikrofaradi 0.68 huanza kutoa nyongeza yake karibu na hezi 150 na kuikaribia kamili kuanzia hezi 300 na kuendelea, hivyo nyuzi nene hukuzwa kidogo na nyuzi nyembamba hukuzwa sana. Ya maikrofaradi 2.2 iko katikati, kwani hupunguza tu sehemu iliyo karibu na chini ya uzi wa sita. Kama gitaa lako lina pikapu (vinasa mitikisiko ya nyuzi) za koili mbili, ambazo zina besi nzito kwa asili, ningeanza na 0.68. Kama ni za koili moja, ningeanza na 2.2. Na kama amplifaya yako haina kapasita yoyote mahali hapo, kuiweka kutaifanya ingurume mapema zaidi kwenye kitufe, jambo ambalo huenda unalitaka au hulitaki.

Hatua inayofuata ni kapasita inayopeleka mawimbi kutoka 12AX7 hadi kwenye gridi ya EL84, yaani sehemu inayopokea mawimbi ya kukuzwa. Mara nyingi huwa ya maikrofaradi 0.022, na ikiwa rezista ya gridi ni kiloomu 220, besi huanza kupungua chini ya hezi 33 tu. Hapo kuna hasara kubwa kuliko besi yenyewe. Unapopiga kwa nguvu, gridi ya EL84 husukumwa mpaka ianze kuvuta mkondo wa umeme, na mkondo huo huijaza ile kapasita chaji ambayo huisogeza valvu mbali na mahali pake pa kufanyia kazi. Kwa muda mfupi baada ya kila pigo valvu hunyamaza au hukohoa mpaka chaji iishe, na kadiri kapasita ilivyo kubwa ndivyo inavyochelewa kuiachia. Mikohoo hiyo ikifuatana kwa haraka, sikio huisikia kama tope. Badilisha 0.022 kwa 0.01, au kwa 0.0047 kama bado haijatosha; ile ya 0.0047 na kiloomu 220 huanza kupunguza karibu na hezi 154, na kwenye spika ndogo hilo halisikiki kama upungufu bali kama usafi. Chagua kapasita yenye uwezo wa volti 400 au zaidi. Hapohapo weka rezista ya kiloomu 4.7 hadi 10 moja kwa moja kwenye pini ya gridi ya EL84, kwa kuwa itapunguza mkondo unaovutwa na pia itaizuia valvu isianze kupiga miluzi ya juu isiyosikika ambayo huharibu mlio kimyakimya.

Fanya badiliko moja, piga gitaa kwa siku mbili au tatu, kisha uende kwenye jingine. Masikio huchoka upesi, na kila kitu kipya husikika kizuri katika saa ya kwanza.

Kabla sijaiacha barua yako, pima jambo moja ambalo si la mlio peke yake. Amplifaya nyingi ndogo za bei ya chini huifanyisha EL84 kazi kupita kiwango chake, na kiwango hicho ni wati 12 kwenye anodi, yaani sehemu inayopokea mkondo ndani ya valvu. Pima volti kwenye rezista ya kathodi, ugawanye kwa omu zake, na utapata mkondo wote wa valvu. Ondoa takriban asilimia 10 ambayo ni ya gridi ya pili, kisha uzidishe kwa volti zilizopo kati ya anodi na kathodi. Tuseme umekuta rezista ya omu 150 yenye volti 8.5: mkondo ni miliampea 57, na ukiondoa sehemu ya gridi ya pili hubaki kama 51. Ikiwa kati ya anodi na kathodi kuna volti 260, valvu inateketeza zaidi ya wati 13, nayo itachoka kabla ya wakati wake. Rezista ya omu 220 yenye uwezo wa wati 3 huirudisha mahali salama, na wapigaji wengi husema mlio unapata uhai zaidi badala ya kupungua, kwa sababu valvu inapata nafasi ya kupumua pande zote mbili za wimbi. Vipimo hivi hufanywa amplifaya ikiwa imewashwa, kwa hiyo funga klipu za mita umeme ukiwa umezimwa na kapasita zimemalizwa chaji, washa, soma, zima. Mikono yako isiwe ndani wakati umeme umo.

Kuhusu transfoma ya kutolea sauti, ile inayounganisha valvu ya nguvu na spika, ningeiacha mpaka spika kubwa iwe imepatikana. Katika amplifaya ya valvu moja ya nguvu, transfoma hiyo hupitishiwa mkondo wa moja kwa moja wa miliampea 40 au zaidi bila kukoma, na ndiyo maana chuma chake huachiwa mwanya mdogo ili kisishibe usumaku. Transfoma ndogo hupoteza besi. Lakini wewe bado unapunguza besi, kwa hiyo faida yake kwako leo ni ndogo kuliko gharama yake. Na kuhusu kapasita za majina makubwa zinazouzwa ghali, nasema kwa moyo mweupe: thamani ya maikrofaradi ndiyo inayosikika. Sijawahi kusikia tofauti ya chapa ambayo ingeshinda tofauti ya 0.022 na 0.0047.

SWALI: Fundi mheshimiwa, amplifaya yangu ni ya valvu moja ya nguvu kama zile unazozieleza mara kwa mara. Inavuma hata nisipoingiza gitaa, na mvumo haubadiliki nikipunguza sauti hadi mwisho. Nitaupataje mzizi wake?

JIBU: Ndugu msomaji, umekwisha kupiga hatua ya kwanza bila kujua, kwa kuwa mvumo usiobadilika kwa kitufe huwa umezaliwa baada ya kitufe hicho. Zima, subiri valvu ipoe, chomoa 12AX7, kisha uwashe tena. Mvumo ukitoweka, umetoka kwenye nusu ya pili ya valvu hiyo au kwenye waya za hita (sehemu inayoipasha valvu joto) zinazoipitia. Ukibaki, umetoka kwenye umeme wa kulishia valvu ya nguvu, au transfoma ya umeme imekaa karibu mno na ile ya kutolea sauti.

Sikiliza pia aina ya mvumo. Mahali ambapo umeme wa ukutani ni wa hezi 50, mvumo laini na wa chini wa hezi 50 huelekeza kwenye hita, na ule mkali zaidi wa hezi 100 huelekeza kwenye uchujaji wa umeme. Mahali pa hezi 60 namba hizo huwa 60 na 120. Amplifaya yenye valvu mbili za nguvu zinazosukumana hufuta yenyewe sehemu kubwa ya mvumo wa uchujaji, lakini yako haina msaada huo, na kasoro ndogo ndani yake husikika wazi.

Kwa mvumo wa hita, angalia kwanza kama transfoma ina waya wa katikati wa hita uliofungwa kwenye fremu. Kama haupo, na hakuna upande wowote wa hita uliofungwa kwenye fremu, lehemu rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande wa hita, zikutane mahali pamoja. Mahali hapo pa makutano panaweza kuunganishwa na fremu, lakini mimi hupendelea kupaunganisha na kathodi ya valvu ya nguvu, iliyo na volti kama 10 zilizotulizwa na kapasita yake kubwa. Hita zikinyanyuliwa kwa volti hizo chache juu ya fremu, umeme unaovuja kutoka hita kwenda kathodi ya 12AX7 hupungua sana, na ni marekebisho ya rezista mbili za bei ndogo. Waya za hita zisokotwe pamoja kwa kubana na zipite mbali na waya za gridi.

Kwa mvumo wa uchujaji, kapasita zilizozeeka zibadilishwe. Unaweza kuongeza ukubwa wa kapasita ya pili na ya tatu bila wasiwasi, lakini ya kwanza ina masharti ikiwa amplifaya inatumia valvu ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa wa moja kwa moja: EZ81, kwa mfano, imewekewa kikomo cha maikrofaradi 50, na kukizidi ni kuiumiza kila unapowasha.

SWALI: Ndugu Fundi, amplifaya yangu inanguruma mapema mno, kitufe kikiwa kwenye 3 tu. Ningependa kupata mlio safi zaidi bila kufungua chochote.

JIBU: Ndugu msomaji, badilisha 12AX7 kwa valvu yenye ukuzaji mdogo inayoingia kwenye soketi ileile na kuunganishwa vilevile. 12AX7 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, 5751 ina 70, 12AT7 ina 60 na 12AY7 ina kama 44. Anza na 5751 ikiwa unataka badiliko dogo. Ile ya 12AY7 ilitumiwa na kampuni ya Fender katika amplifaya zake kadhaa za miaka ya 1950, na kwa masikio yangu ndiyo inayoacha mkono wa mpigaji usikike vizuri zaidi, maana nguvu ya kidole huonekana kwenye sauti badala ya kumezwa na ngurumo. 12AU7 naona imepitiliza, kwani mlio hubaki umelala.

SWALI: Nimesikia kwamba kukata waya wa mrejesho unaotoka kwenye spika kurudi kwenye 12AX7 huifanya amplifaya ndogo iwe hai zaidi. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwa sehemu. Mrejesho huo hupunguza ukuzaji, husafisha mlio, na huishika spika isiyumbe baada ya pigo. Ukiukata, sauti huongezeka, ngurumo huanza mapema na taratibu, na sauti za juu hujitokeza zaidi. Lakini spika nayo huachiliwa, na kwenye kabati dogo besi inaweza kulegea tena baada ya kazi yote uliyofanya kuikaza. Usiukate moja kwa moja. Weka swichi ndogo, au rezista ya kurekebisha ya kiloomu 100 kwa mfululizo na ile iliyopo, ili uchague kiasi unachokitaka kwa kila wimbo. Nimewatengenezea wapigaji kadhaa swichi ya namna hii, na wengi wao huutumia mrejesho kwa mlio safi na kuuzima wanapotaka ngurumo.

SWALI: Ninaishi karibu na majirani. Naweza kuchomoa spika na kutumia vipokea sauti vya masikioni badala yake?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usifanye hivyo. Transfoma ya kutolea sauti inategemea spika iipokee nguvu inayozalishwa na valvu. Spika isipokuwapo, volti kwenye upande wa valvu hupanda kupita kiasi, na cheche inaweza kutoboa insulesheni ya transfoma au kuruka ndani ya soketi. Vipokea sauti navyo haviwezi kuipokea nguvu hiyo, na vinaweza kukuumiza masikio.

Linalowezekana ni kuweka rezista ya omu 8 yenye uwezo wa wati 20 au zaidi mahali pa spika, ikiwa amplifaya yako ni ya omu 8, na kuchukua sehemu ndogo ya mawimbi kutoka hapo kwa rezista mbili za kugawanya, kwa mfano kiloomu 10 kwa mfululizo na kiloomu 1 kwenda kwenye fremu, kisha kuipeleka kwenye kikuzaji cha vipokea sauti. Tarajia kwamba mlio utakuwa mkali na wa kukwaruza, kwa sababu spika ya gitaa hukata sauti nyingi zilizo juu ya hezi 5,000 na rezista haikati chochote. Kapasita ya maikrofaradi 0.033 sambamba na ile rezista ya kiloomu 1 huanza kupunguza sauti zilizo juu ya kiwango hicho, na kuanzia hapo unaweza kurekebisha thamani yake mpaka mkwaruzo ulainike kwa kadiri ya masikio yako.